Gitaa la Kupakata na Amplifaya ya Leo



Gitaa la kwanza la umeme kufanikiwa kibiashara halikuvaliwa mkanda begani. Lilipakatwa. Mpigaji alikaa kitini, akalilaza mapajani nyuzi zikitazama juu, mkono wa kulia ukidonoa, wa kushoto ukiteleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi. Aliyelibuni ni George Beauchamp, Mmarekani aliyekuwa mpiga gitaa la Hawaii, kama lilivyoitwa hilo la kupakata, na mwenye karakana aliyemsaidia ni Adolph Rickenbacker. Mfano wa kwanza waliuchonga kwa mbao mwaka 1931, na mwaka 1932 wakaanza kuuza la aluminiamu lenye kiwiliwili kidogo cha duara na shingo ndefu, mpaka watu wakaliita kikaango. Hataza yake ilitoka Agosti 1937. Kwa hiyo kila gitaa la solo tulilolisikia katika muziki wetu wa dansi, tangu enzi za santuri mpaka bendi za leo, ukifuata ukoo wake utaishia kwenye gitaa lile la mapajani.

Nalizungumzia leo kwa sababu lipo moja huku kwetu Kiseke, Mwanza. Wengi mnaijua Kiseke, hasa mnaoteremka na daladala jioni. Kuna makanisa mengi kule, na penye kanisa pana kwaya, na penye kwaya pana vyombo. Kijana mmoja anayepiga solo katika kwaya mojawapo amerithi kwa mjomba wake gitaa la kupakata la Kimarekani. Umri wake hatuujui kwa hakika, maana lebo imebanduka, ila kwa ujenzi wake ni la miaka mingi. Ni la mbao iliyovikwa plastiki ya rangi ya lulu, lina nyuzi sita, na vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha sauti na kingine cha toni. Linakaa kwenye boksi lake lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, na ndani ya boksi kuna kile chuma cha kutelezesha, kizito, kimechakaa upande mmoja kwa kugusa nyuzi. Kilichokosekana ni mwenzake, yaani amplifaya.

Nasema mwenzake kwa makusudi. Magitaa haya yalizaliwa na amplifaya zake. Kampuni ya Gibson ilipotoa seti yake iliyoitwa EH-150 katikati ya miaka ya 1930, gitaa na amplifaya viliuzwa pamoja kwa dola 150, na ndiko ile namba ilikotoka. Mmarekani Leo Fender naye, kabla hajatoa gitaa la kuvaa begani mwaka 1950, alianza mara baada ya Vita Kuu ya Pili kwa kuuza magitaa ya kupakata pamoja na amplifaya ndogo za valvu. Fundi aliyetengeneza kimoja alijua kingine kitafanya nini. Sasa kimoja kimebaki, kingine hakipo, na kijana wa Kiseke anaishi mwaka ambao duka la vyombo linauza amplifaya zenye kompyuta ndani.

Aliponifikia alikuwa ameshakata tamaa. Kila akilichomeka kwenye mitambo ya kanisa, sauti inatoka nzito, imefunikwa, haina makali wala uhai. Ameambiwa na watu wawili watatu kwamba sumaku ya gitaa imekufa kwa uzee, kwamba suluhisho ni kung'oa pikapu ya zamani, yaani kinasa sauti chake, na kuweka mpya ya gitaa la kisasa. Nilimwomba asing'oe kitu mpaka tulisikilize pamoja. Na ninyi mnaonisikiliza, mwenye chombo cha kale ndani naye asing'oe kitu mpaka anisikilize mpaka mwisho.

Kwanza niwajibu wanaosema gitaa hili ni la wageni, halina kazi katika muziki wetu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika jiji tunaloliita leo Kinshasa, Zacharie Elenga alirekodi kwa lebo ya Opika na akapata umaarufu mkubwa kwa jina la Jhimmy wa Hawaii, kwa sababu gitaa lake lilikuwa na ladha hiyo. Baadaye akaja Nicolas Kasanda, Dr Nico, mzaliwa wa Kasai mwaka 1939, yule ambaye vidole vyake viliwafundisha wapiga solo wa Afrika Mashariki nzima bila yeye kufika kwenye mazoezi yao. Akiwa na African Fiesta, bendi iliyoanzishwa mwaka 1963, Nico alipiga gitaa la Hawaii katika baadhi ya rekodi, na ukizisikiliza utasikia noti ikipanda kwa kuteleza, haikatiki njiani, inafika juu ikitetemeka kidogo. Santuri za Kongo zilipigwa sana kanda hii. Wazee wa Mwanza waliocheza rumba waliicheza na sauti hiyo.

Wale waliokuwa wapenzi wa sinema za Kihindi nao wameisikia. Van Shipley, mwanamuziki wa India, alipiga nyimbo za filamu kwa gitaa la Hawaii la umeme, na santuri zake zilitoka nyingi miaka ya 1950 na 1960. Upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, kule Kericho, Kenya, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika Hugh Tracey alirekodi mwaka 1950 wimbo wa wasichana wa Kikipsigis waliomwimba Jimmie Rodgers wa Marekani, mwimbaji waliyemjua kwa gramafoni tu. Katika santuri nyingi za Rodgers gitaa la chuma, jina jingine la hili la kutelezesha, linalia nyuma yake. Nigeria ndiyo walikwenda mbali zaidi: King Sunny Adé aliingiza gitaa la chuma lenye pedali katika muziki wa juju, Demola Adepoju akilipiga, na mwaka 1982 albamu yao ya Juju Music ikaisambaza sauti hiyo dunia nzima.

Na hata bila hao wote, sikio la kanda ya ziwa linaijua sauti inayoteleza. Orutu ya Wajaluo, ile ya uzi mmoja ambayo ndugu zetu wa Rorya wanaipiga kwa upinde, haina vyuma vya shingoni vya kugawa noti. Kidole kinateleza, sauti inamfuata mwimbaji popote anapokwenda. Gitaa la kupakata linafanya kazi hiyo hiyo, tofauti ni kwamba lina umeme.

Turudi Kiseke. Tulikaa kwenye ukumbi wa kanisa mchana, kabla wanakwaya hawajafika. Tukalichomeka gitaa kama anavyolichomeka siku zote, waya mrefu kutoka kwenye gitaa moja kwa moja hadi kwenye miksa, kwenye tundu la laini, tundu lile lile ambalo Jumapili linapokea kinanda. Akapiga. Kweli, sauti ilikuwa kama alivyosema. Nyuzi tatu za chini zilinguruma, nyuzi za juu zilisikika kama zimefunikwa blanketi. Fundi mitambo akaongeza trebo kwenye miksa mpaka mwisho. Kilichoongezeka ni kelele ya hewa, ile shhh, na mikwaruzo ya chuma juu ya nyuzi. Noti yenyewe ilibaki pale pale.

Kisha tukachukua amplifaya ndogo ya gitaa ya kuazima, ya transista, wati 15 tu, ya kufanyia mazoezi chumbani. Gitaa lile lile, waya ule ule, chuma kile kile. Akadonoa uzi wa kwanza, akatelezesha kutoka alama ya tano hadi ya saba. Mama mmoja aliyekuwa anafagia upande wa madhabahu akasimama, akauliza, "Huyo anayeimba ni nani?"

Pikapu ilikuwa nzima. Imekuwa nzima siku zote.

Naomba tulielewe hili vizuri, maana ndiko pesa za watu zinakopotea. Pikapu ya gitaa ni sumaku na waya mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Haina betri. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, unazalisha umeme kidogo sana kwenye ule waya, na umeme huo ndio sauti. Sasa, kila tundu la kuchomekea lina ukinzani wake. Tundu la amplifaya ya gitaa kwa kawaida lina ukinzani wa karibu omu milioni moja. Linausikiliza ule umeme mdogo bila kuuvuta. Tundu la laini la miksa mara nyingi lina omu elfu kumi au zaidi kidogo, kwa sababu limetengenezwa kupokea kinanda na vifaa vingine vyenye nguvu zake vyenyewe. Kisima kidogo ukikifungia pampu kubwa, kinakauka papo hapo. Na kinachokauka kwanza kwenye gitaa ni sauti za juu, maana waya ule mrefu wa pikapu kwa tabia yake unazuia mitikisiko ya haraka kuliko ya polepole. Ndiyo maana trebo ya miksa haikusaidia. Kilichopotea kabla ya kufika kwenye miksa, miksa haiwezi kukirudisha.

Pikapu za sasa nyingine zina betri na kikuza sauti kidogo ndani ya gitaa. Hizo zikiingia kwenye miksa hazilalamiki sana. Kijana anayepiga gitaa jipya la aina hiyo Jumapili anaona mambo yanakwenda, halafu anakuja na gitaa la mjomba, anaona limekufa. Si ajabu akalaumu gitaa.

Tatizo la pili ni spika, na hili mafundi mitambo wetu wengi hawalitazami. Spika ya amplifaya ya gitaa ni ya namna yake. Haina ile twita ndogo ya kutoa sauti kali, na yenyewe ikipita hezi elfu tano hivi inaanza kunyamaza. Spika za kanisani na za harusini zimetengenezwa kutoa kila kitu, kuanzia ngoma ya chini hadi upatu. Gitaa la kawaida kwenye spika ya namna hiyo linakuwa kali lakini linavumilika. La kupakata halivumiliki, kwa sababu chuma kinateleza juu ya chuma, na mkwaruzo wake wote unaishi kule juu ambako twita inafanya kazi. Spika ya gitaa inaukata mkwaruzo huo bila kuombwa. Watengenezaji wa miaka ya 1940 hawakuhitaji kulifikiria hilo, spika zao zilikuwa ndogo na hazikufika huko. Sisi tunahitaji kulifikiria.

Basi kijana akauliza swali ambalo nadhani nanyi mnaliuliza: anunue amplifaya gani?

Kuna watu watamwambia atafute ya valvu, tena ya zamani, ili vilingane. Naelewa hamu hiyo. Valvu ikisukumwa kidogo inaibana noti kwa upole, mwanzo wa noti haurukii masikioni na mkia wake unarefuka, na kwa chombo kinachoishi kwa noti ndefu hiyo ni raha tupu. Lakini amplifaya ya Kimarekani ya miaka ile imetengenezwa kwa volti 110 hadi 120. Umeme wetu wa TANESCO ni volti 230. Ukiichomeka ukutani bila transfoma ya kupunguza umeme, utasikia mlio mmoja na utaona moshi. Hata ukiwa na transfoma, ndani mna kapasita ambazo zikizeeka hukauka, nyaya ambazo maganda yake yamepasuka, na plagi ya meno mawili isiyo na waya wa ethi. Mpigaji wa gitaa hili anashika chuma mkononi na nyuzi za chuma chini yake kwa dakika zote za wimbo. Hitilafu ikitokea, njia ya umeme ni mwili wake. Na fundi redio yeyote mzee atakwambia kwamba ndani ya mashine ya valvu mna volti mia kadhaa ambazo zinaweza kubaki kwenye kapasita hata baada ya kuzima na kuchomoa. Si kitu cha kufunguliwa na mtu mwenye bisibisi na ujasiri. Kama umerithi amplifaya ya namna hiyo, itunze, ipeleke kwa fundi anayezijua, lakini usiitegemee Jumapili.

Kura yangu naipa amplifaya ya transista ya kisasa, wati 30 hadi 50, yenye spika moja ya inchi 12. Wati 15 zinatosha chumbani, ila mbele ya ngoma na waimbaji arobaini zitazidiwa, zitaanza kukoroma, na gitaa la kupakata likikoroma noti zake zinagombana. Unataka nguvu ya akiba ili sauti ibaki safi. Wanaodharau transista wakumbuke kwamba wapiga gitaa la chuma wa Marekani wenyewe, watu wenye masikio makali kuliko wote katika jambo hili, miaka ya 1970 walizikumbatia amplifaya za transista za kampuni ya Peavey, Session 400 ikiwa mojawapo, yenye spika ya inchi 15, kwa sababu hiyo hiyo ya usafi na nguvu. Inchi 15 ni nzuri sana, ila ni nzito, na kijana wetu anapanda daladala.

Hizi mpya zenye kompyuta ndani, zinazoiga sauti za amplifaya maarufu za zamani, nazo si mbaya. Shida yake ni kwamba zinapotoka dukani zimepangwa kumfurahisha anayependa gitaa la kuunguruma. Unawasha, unakutana na roki nzito. Zungusha mpaka upate sauti safi iliyoiga amplifaya ndogo ya valvu, kisha zima madoido mengine yote isipokuwa mwangwi kidogo. Kidogo kabisa. Noti inayoteleza ndani ya mwangwi mwingi inakuwa uji.

Upangaji wa vitufe nao una utaratibu wake, na unapishana na wa gitaa la kawaida. Gitaa lenyewe lifunguliwe sauti yote na toni yote, ili pikapu itoe kila ilichonacho. Kwenye amplifaya besi ipunguzwe chini ya nusu, kwa sababu nyuzi za gitaa hili ni nene na zinajaza chini haraka, zikamgombanisha mpigaji na mwenzake wa besi. Trebo nayo chini ya nusu. Sauti ya kati ndiyo ipandishwe, maana huko ndiko sauti ya mwanadamu inakoishi, na gitaa hili linataka kuimba. Kijana alipoishusha trebo alishtuka, kwa sababu mwezi mzima alikuwa anaitafuta. Sasa alikuwa nayo ya kutosha hata ya kupunguza.

Pedali ya sauti ya kukanyaga pia inafaa sana. Noti inadonolewa pedali ikiwa imeshusha sauti, halafu mguu unaipandisha taratibu kadiri noti inavyofifia, na masikio yanasikia noti ndefu isiyokufa. Kwa amplifaya ya transista, isiyo na ule upole wa valvu, pedali hii ndiyo inayoziba pengo. Ukinunua, uliza ya gitaa lisilo na betri. Ya kinanda italeta ugonjwa ule ule wa miksa.

Sasa mvumo. Pikapu za kale, nyingi ni za koili moja, na koili moja inanasa uga wa sumaku wa kila kifaa cha umeme kilicho karibu: taa za tyubu, transfoma, chaja ya simu, feni. Umeme wetu unatikisika mara 50 kwa sekunde, na huo ndio mvumo mnaousikia, mmm, mpigaji anapoacha kupiga. Ukigeuza kiti kidogo unapungua, ukigeuza zaidi unarudi. Kijana alihamisha kiti kutoka karibu na kabati ya umeme hadi upande wa pili wa jukwaa na nusu ya mvumo ikaondoka. Kama mvumo unapungua unaposhika nyuzi kwa mkono, mara nyingi ni alama kwamba mwili wako unafanya kazi ambayo kinga ya gitaa au ethi ilipaswa kuifanya. Na hapa Mwanza ethi ni shughuli. Mji wetu umekaa juu ya mawe. Chuma cha ethi kinachotakiwa kushuka kwenye udongo wenye unyevu kinakutana na mwamba, na mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Makanisa yanayojengwa vilimani yamwite fundi umeme mwenye leseni apime ethi kwa kipimo, asiangalie kwa macho tu kwamba waya wa kijani na njano upo. Nililiomba hilo pale Kiseke, na nawaomba wote mnaoshika vyombo vya umeme madhabahuni.

Kuhusu gitaa lenyewe kazi ni ndogo. Kitufe cha sauti kilikuwa kinakwaruza kikizungushwa; dawa ya kusafishia swichi za redio iliyopuliziwa ndani, kisha kuzungusha huku na huku, ikamaliza. Tundu la jeki lilikuwa limelegea, likakazwa. Baadhi ya magitaa haya yana tundu la kufunga kwa skrubu kama la maikrofoni za kale. Kwa hayo utengenezwe waya wenye skrubu upande mmoja na jeki ya kawaida upande wa pili, kuliko kuchimba mbao. Hivyo tu. Pikapu ya zamani ikishang'olewa na kutupwa, huipati tena, na sauti yake ndiyo sababu ya kulitunza gitaa hilo.

Wanakwaya walipofika, mwalimu wao akataka kujua nyuzi zinafungwaje, kwa sababu hazikufuata mpangilio anaoujua wa gitaa la kawaida. Upo mpangilio mmoja ambao watu wa sol-fa wataupenda. Kutoka uzi mnene hadi mwembamba: do, mi, so, la, do, mi. Ukiweka chuma moja kwa moja juu ya nyuzi zote una kodi yenye la ndani yake, tamu, ndiyo ile ladha ya rumba ya zamani. Ukidonoa do, mi, so una kodi kuu. Ukidonoa la, do, mi una kodi ndogo, bila kuhamisha chuma hata nukta. Mwalimu akaandika ubaoni, sauti ya kwanza na ya pili wakaimba zile noti, na gitaa likaingia katikati yao likitembea kwa tatu na kwa sita kama wanavyotembea wao. Amplifaya ilikuwa sakafuni nyuma ya kiti, imeinuliwa kidogo mbele kwa kipande cha mbao ili itazame masikio badala ya magoti.

Na Jumapili, ukumbi ukijaa, wati hizo chache zitawafikiaje waliokaa nyuma? Msirudi kwenye ule waya wa moja kwa moja. Wekeni maikrofoni mbele ya spika ya amplifaya, vidole vitatu vinne kutoka kwenye nyavu, pembeni kidogo ya katikati ya spika, na maikrofoni hiyo ndiyo iende kwenye miksa. Kama maikrofoni imeadimika, kuna kiboksi cha kuunganishia gitaa na miksa kinachoitwa DI. Chagueni kile chenye umeme wake, chenye ukinzani mkubwa upande wa gitaa, na kwenye miksa mpunguze trebo ya njia hiyo. Maikrofoni ni bora, kwa sababu inachukua kazi yote ya spika.

Nawaomba mnaosikiliza, hasa mlio na wazee waliowahi kuwa na vyombo: kama kuna boksi refu chini ya kitanda lenye gitaa lisilo na shingo ya kushikika, msilipeleke kwa wauza vyuma chakavu, wala msimruhusu mtu aling'oe pikapu. Lipeni nyuzi mpya, msafishe kitufe, mlichomeke kwenye amplifaya ya gitaa, ndogo hata ya kuazima. Sauti ya gitaa ianze kumi, ya amplifaya ianze sifuri, mpande taratibu.